Hakuchelewa

Jumanne, Rusimbi.

Mvua imekatika asubuhi, hewa imesafishika, na milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa inaonekana karibu kuliko ilivyo. Naitazama nikiwa nimeegemea mito mitatu. Siku hizi silali, naegemea. Nikilala chali maji yananipanda kifuani. Ndivyo ufanyavyo moyo uliochoka, na mimi niliyewafundisha wauguzi jambo hilo miaka mingi sihitaji kuelezwa na mtu maana yake.

Nimechoka, lakini leo lazima niandike.

Nianze na jana. Nilikwenda kliniki kwa bajaji, kama kila mwezi. Kwenye mabenchi kulikuwa na watu wapatao kumi na wawili. Hata sijakaa vizuri, muuguzi akanishika kiwiko: "Bibi, wewe pita mbele. Wazee hawapangi foleni." Mwanamume mmoja mwenye bandeji mkononi akasema kwa sauti, "Jamani, hata sisi tunazeeka hapahapa. Tukifikisha umri mtatuita?" Mama aliyekaa jirani yake akamjibu, "Wewe uzee wako uko mdomoni tu. Mpishe bibi wa watu."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, mpaka pumzi ikanikatikia.

Nilipimwa, nikapewa dawa, nikatoka. Wale watu walikuwa bado wamekaa palepale, na sikuona aliyepungukiwa na kitu kwa sababu nimemtangulia. Nikasimama mlangoni na fimbo yangu, nikiwaangalia kwa muda mrefu. Muuguzi alidhani nimeshikwa na kizunguzungu.

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi hivyo tu. Kumpitisha mtu mbele.

Mchana akaja Zuhura. Yeye ni mkufunzi katika chuo cha uuguzi, binti mwerevu, na aliyemfundisha yeye nilimfundisha mimi, kwa hiyo kwa hesabu za chuoni ni mjukuu wangu. Alikuja na samaki wawili, migebuka, ndani ya mfuko, na kijitabu kimoja cha zamani ambacho nilikitambua kabla hajakitoa chote kwenye mkoba. Jalada la kijani. Kona zimeliwa na mende.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umenenepa."

"Bibi naye! Ni hili baibui."

Alikikuta kwenye stoo ya chuo. Ni kijitabu nilichokiandika mwenyewe miaka ya wakimbizi, kwa ajili ya kuwafundisha wahudumu wa afya namna ya kuwahudumia watu wote bila upendeleo. Keshokutwa, Alhamisi, Zuhura anaanza kozi mpya ya watumishi wanaopangwa kwenye kambi na kwenye zahanati za vijiji vinavyozizunguka. Ametengeneza slaidi, ametengeneza maswali, na somo la kwanza amelitoa kwenye ukurasa wangu wa kumi na tisa, ule wa Foleni Moja.

"Tumeliita Somo la Mama Haule," akasema.

"Mimi sijafa bado, Zuhura."

"Ndiyo uzuri wake, Bibi. Utalisikia ukiwa hai."

Kisha akanisimulia mkasa wangu mwenyewe, ule wa mke wa mkubwa, huku akiigiza sauti na kushika kiuno. Wauguzi wa mkoa huu wamekuwa wakisimuliana mkasa ule tangu Zuhura hajazaliwa. Aliusimulia vizuri kuliko nilivyoweza kuusimulia mimi. Akaniachia kijitabu ili niandike maneno machache ya kufungulia kozi, akasema atakuja kukichukua Jumatano saa nne.

Alipoondoka nilishika kalamu. Sikuandika hata herufi moja.

Mkasa huo una nusu ambayo haisimuliwi. Tulioielewa pale kituoni tulikuwa wawili, na mmoja amekwisha kuzikwa.

Mimi si mtu wa Kigoma kwa kuzaliwa. Nilizaliwa Songea, nikaletwa huku na kazi, na kazi ilipokwisha nilikuwa nimeshazika mume hapa, basi nikabaki. Kiha sikuwahi kukijua zaidi ya salamu. Miaka ile watu walikuwa wanavuka ziwa na mpaka kwa maelfu, na vituo vya afya vya mwambao vilivyozoea wagonjwa ishirini kwa siku vilikuwa vinapokea mara nne ya hao. Malalamiko yakaanza. Wenyeji walisema wakimbizi wanapendelewa. Wakimbizi walisema wenyeji wanaitwa kwa majina na wao wanaitwa "ninyi". Nikaagizwa nitengeneze mafunzo.

Niliitengeneza kazi ile kwa moyo wote. Hilo nalisema bila kujisifu, kwa sababu ndilo linaloniuma.

Makaratasi tuliyoletewa yalikuwa ya kigeni, na ndani yake yalikuwepo maneno mawili tofauti yaliyorudiwarudiwa. Moja lilimaanisha kumpa kila mtu kilekile. La pili lilimaanisha kumpa kila mtu kadiri ya anavyohitaji ili asiachwe nyuma. Nilifungua kamusi. Yote mawili nikayaandika "usawa". Nakumbuka hata nilifurahi kwamba kazi imepungua.

Tangu hapo kila mahali palipokuwa na neno la pili, mimi nilifundisha la kwanza.

Kituo tulichofanyia mafunzo ya vitendo kilikuwa mwambaoni, kaskazini ya mji, sitakitaja. Hakikuwa na kadi. Kila mgonjwa alikuja na daftari lake la shule, na humo ndimo tulimoandika ugonjwa na dawa. Ukifika unaliweka mezani kwenye rundo, la aliyewahi juu, la aliyechelewa chini, kisha unakwenda kukaa popote utakapo. Rundo ndilo lililokuwa foleni. Niliupenda sana utaratibu ule. Daftari halina kabila, halina cheo, halina sauti kubwa. Katika ukurasa wa kumi na tisa niliandika: "Fuata rundo. Rundo halipendelei."

Siku hiyo nilikuwa na wanafunzi wanane wamesimama ukutani wakiniangalia ninavyoongoza mapokezi. Saa tatu hivi likaja gari, akashuka mke wa mkubwa mmoja wa wilaya, akaweka daftari lake juu ya mengine yote na kuelekea chumba cha daktari. Nikamwita. Nikalichukua daftari lake nikaliweka mahali pake.

"Unanijua mimi ni nani?" akauliza.

"Nakujua, mama. Ndiyo maana nimelitunza daftari lako lisipotee. Ni la kumi na nne."

Wagonjwa waliangua kicheko. Mzee mmoja akagonga fimbo sakafuni. Wanafunzi wangu walitazamana kama watu walioona muujiza, na yule mama alikaa kwenye benchi pamoja na wengine. Hapo ndipo mkasa unapoishia ukisimuliwa. Hapo ndipo Zuhura jana alipopiga makofi.

Sasa nusu iliyobaki.

Kulikuwa na mwanamke amekaa nje, ameegemea ukuta karibu na mlango. Nilikuwa nimempita asubuhi nilipofika nikidhani anamsubiri mtu. Aliinuka akaja mezani kwangu na mtoto wa kike mgongoni, wa kama miaka miwili. Akamgeuza mbele. Shingoni mtoto alikuwa na uzi wa shanga, nyekundu na nyeupe. Mama yake akanyoosha kidole kwenye shingo ile, akasema neno moja, akalirudia.

"Ararembye. Ararembye."

Nilitazama kidole, nikaona shanga. Nilisikia neno, nikasikia "remba". Nikatabasamu.

"Kweli, mama," nikasema. "Amerembeka."

Ni Kirundi. Maana yake mtoto amezidiwa, yuko mahututi. Alikuwa ananionyesha kooni jinsi anavyovuta pumzi.

Nikamuuliza daftari lake. Hakuelewa. Nikachukua daftari jipya kwenye vifaa vyangu vya mafunzo, nikaandika juu yake "Mkimbizi, mtoto wa kike", nikaliweka chini kabisa ya rundo, polepole, ili wanafunzi waone. Mke wa mkubwa naye alikuwa ananiangalia. Nilijiambia, leo wamepata somo kamili: aliyeshuka kwenye gari na aliyeshuka kwenye boti, rundo moja.

"Foleni ni moja kwa wote, mama," nikamwambia. "Sawa?"

"Sawa," akajibu.

Baadaye nilijua kwamba hilo ndilo lilikuwa neno lake pekee la Kiswahili. Huko alikotoka labda walimwambia, ukifika Tanzania wakikusemesha, wewe sema sawa. Akarudi ukutani akakaa.

Mpaka hapo ningeweza kusamehewa. Mgeni wa lugha amesikia vibaya, basi. Kwa miaka mingi nikijisimulia kisa hiki kichwani nilikomea hapa, kama wengine wanavyokomea kwenye kicheko.

Lakini alikuwepo Mama Tabu.

Mama Tabu alikuwa mhudumu wa usafi pale kituoni, Muha wa kijiji kilekile, darasa la nne, mikono mikubwa, haogopi mtu. Alikuwa anapiga deki. Alipofika pale ukutani yule mwanamke alimsemesha, na kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu, walielewana bila shida. Nikamwona ameweka ndoo chini. Akaja mezani.

"Mama Haule, yule anasema mtoto anamwishia mkononi. Na mwenyewe nimemwona. Mpitishe."

Nilitazama rundo. Muda ulikuwa umekwenda, madaftari mengi yalikuwa yamepungua, hata la mke wa mkubwa lilikuwa limeshaitwa, naye alikuwa amesimama dirisha la dawa, hatua tatu kutoka kwangu, masikio wazi. Juu ya daftari la yule mtoto yalikuwa yamebaki matatu.

"Wamebaki watatu tu, Mama Tabu."

"Mama, mtoto hajui kuhesabu."

"Nikimpitisha huyu, yule nitamwambia nini?" Nilimwonyesha kwa macho mke wa mkubwa.

Mama Tabu akanitazama. "Utamwambia mtoto anakufa. Na yeye ni mzazi."

Nikasema, "Tusubiri."

Niliyasema hayo nikiwa nimeshaelewa. Neno la Kirundi lilikuwa limeshatafsiriwa. Hakuna kamusi ya kulaumu hapa. Nilikuwa na wanafunzi wanane wanaonitazama, na nilikuwa nimeshinda asubuhi ile, na sikutaka ushindi wangu uharibike.

Daftari la kwanza lilikuwa la mtu wa jino. La pili, mama aliyekuja kuonyesha kidonda kilichokwisha kupona. La tatu sikulifungua, kwa sababu nilisikia ndoo ya Mama Tabu ikianguka, na baada yake nikamsikia yule mwanamke.

Daktari alitoka mbio. Walimbeba mtoto ndani. Damu ilikuwa imemwisha mwilini kwa malaria, midomo ilikuwa imepauka kama karatasi. Kama nilivyosema, alikuwa wa miaka miwili.

Wale waliokuwa wamebaki kwenye benchi walikuja wote mlangoni. Mtu wa jino alikuwa analia. Aliniambia, "Mbona hukusema? Mimi jino tu. Ningempisha." 

Jioni ilibidi iandikwe taarifa. Niliiandika mimi, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri na cheo. Kwenye nafasi ya chanzo cha kifo niliandika ugonjwa. Kwenye nafasi ya maelezo niliandika maneno matatu: "Mgonjwa alichelewa kufika."

Kesho yake Mama Tabu alinikuta peke yangu nikipanga vitu vyangu. Hakujua kilichomo kwenye taarifa, alitaka tu kuniambia alichokisikia kwa yule mama walipokaa naye usiku wa kilio. Boti yao ilifika kabla ya jua. Alitembea kutoka ufukweni moja kwa moja mpaka kituoni. Mlango ulikuwa bado umefungwa. Akakaa ukutani.

Alikuwa wa kwanza kufika siku ile.

Watu walipokuja walimpita na madaftari yao, wakayapanga mezani, na kwa kuwa yeye hakuwa na daftari, hakuonekana. Rundo lilikuwa na jicho kwa waliokuwa na daftari tu. Mimi ndiye niliyeandika kwamba rundo halipendelei.

Taarifa ilikuwa haijapelekwa. Ilikuwa kwenye begi langu, karatasi moja, ningeweza kuichana na kuandika nyingine. Niliipeleka ilivyo.

Tangu siku ile Mama Tabu hakuniita tena Mama Haule. Alikuwa ananiita "Mkufunzi". Wengine walidhani ni heshima. Tulimzika Kasingirima miaka kadhaa iliyopita, nikaenda, nikakaa na wanawake, nikala chakula cha msiba. Yeye ndiye aliyelijua jina la mtoto, kwa sababu ndiye aliyeuliza. Nilikuwa na miaka yote ile ya kumwuliza na nyumba yake ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kwangu. Sikwenda.

Padri nilimwambia zamani. Alinipa kitubio, nikakitimiza. Lakini padri hafundishi wauguzi. Mwanamke yule hakuniomba kitubio, na wale wanane waliosimama ukutani waliondoka wakaenda kuwafundisha wengine, na Alhamisi hii, kama nikinyamaza, somo langu litaingia vichwani mwa watu wengine thelathini wanaokwenda kukaa kwenye meza kama ile.

Basi leo asubuhi nilimpigia Zuhura simu. Nilimwambia yote, kama nilivyoandika hapa. Ilinichukua muda, maana pumzi hazitoshi, na yeye hakunikatisha. Nilipomaliza nilisikia daladala zikipiga honi upande wake, nikajua bado yupo.

"Bibi," akasema hatimaye. "Sasa nikija, ukurasa ule niuchane?"

"Usiuchane. Mkasa usimulie kama ulivyousimulia jana, na kiuno ushike. Waache wacheke. Wakishacheka, endelea."

"Watakuchukia, Bibi."

"Watakaonichukia watakumbuka."

Nikasikia akifungua mkoba. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ile ya jana, "Nilikuwa nimepanga kuwaanzishia na swali la usawa ni nini."

"Waanzishie na rundo," nikamwambia. "Wape madaftari, wengine wanyime. Wayapange mezani. Halafu uwaulize, nani amekaa chumba hiki na hayumo kwenye rundo?"

Alikuwa anaandika. Niliisikia kalamu, au nilidhani naisikia.

"Na jina la somo?"

Hapa nikiri na hili, maana nimeapa kutobakiza. Nilisita. Bado nililitaka. Mwanamke wa umri wangu, miguu imevimba mpaka viatu havinitoshi, mwezi ujao sijui kama nitauona, na bado nilitaka jina langu libaki ukutani.

"Liite Daftari la Chini," nikasema.

Alikubali upesi. Upesi kuliko nilivyotarajia, na nastahili.

Baada ya hapo nilikula kipande cha mgebuka na ugali kidogo, nikapumzika, nikakifungua kijitabu kwenye ukurasa wa kumi na tisa. Taarifa yenyewe bila shaka imeliwa na mchwa mahali fulani, siwezi kuirekebisha. Nimerekebisha hapa. Mwandiko umepinda lakini unasomeka. Chini ya "Rundo halipendelei" nimeandika:

"Mgonjwa hakuchelewa kufika. Alifika wa kwanza, mama yake akasema anachoumwa, nami niliyeambiwa nikamwambia asubiri. Jina lake sikuuliza."

Nikaweka sahihi, jina kamili.

Nimekilaza kijitabu juu ya stuli karibu na mlango, ili Zuhura akija asihitaji kuniomba na mimi nisipate nafasi ya kufikiri mara mbili. Wengi mnaosoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni niliwafundisha mimi. Kama mmoja wenu alikuwa kati ya wale wanane, mlichokiona siku ile sasa mnakijua chote, na mlichokuwa mnakifundisha kwa jina langu kifundisheni upya.

Wingu linarudi kutoka upande wa Kongo. Mkono umechoka kushika simu. Najijua, nikiacha mpaka kesho nitapata sababu nzuri ya kusubiri watatu wengine wapite kwanza.

Nayachapisha haya sasa hivi.